Mnyatiaji Aliyeitwa Kukicha

Juzi fundi bomba mmoja mzee alisimama nje ya mlango wangu wa jikoni akakohoa. Vumbi la Tunduma lilikuwa limemkaa kooni, basi, hakuwa na jingine. Lakini miguu yangu iliondoka yenyewe. Nilijikuta nimesimama nyuma ya mlango, ndala mkononi, nimebana pumzi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Mwanangu wa kwanza akanitazama akaniuliza, "Mama, unamkimbia nani?" Nikacheka mpaka nikakaa chini, maana swali hilo hilo niliwahi kumuuliza mama yangu, na nililiuliza kwa hasira.

Sisi tuliokulia Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, tulijua harufu ya dizeli kabla ya kujua harufu ya kitu kingine. Malori yalipanga foleni kuelekea mpakani, yakanguruma, yakazima, yakanguruma tena. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na yadi ya baba yake Zuhura, mtu wa Tanga aliyekuja kufanya biashara ya usafirishaji akabaki. Zuhura alinizidi darasa moja na kwa maneno alinizidi mbali kabisa. Kaka yake, aliyekuwa akisoma Lusaka, alimletea gemu ambayo hakuna mtoto mwingine wa Mpemba aliyekuwa nayo. Haikuwa ya simu wala ya televisheni. Ilikuwa boksi lenye kitabu kinene cha Kiingereza na dadu za ajabu, moja yao ina pande ishirini, nyekundu, ukiishika unatamani kuitia mdomoni kama peremende.

Tulichezea juu ya tela bovu lililoachwa pembeni ya yadi, matairi yameisha upepo. Tulikuwa watatu: Zuhura, binamu yake Hamisi, na mimi. Zuhura ndiye aliyekuwa msimulizi. Alitueleza tumefika wapi, kuna mto gani, kuna ngome gani, kuna jitu gani mlangoni, nasi tulisema wahusika wetu wanafanya nini. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu, na dadu ndiyo inaamua. Lakini kwanza lazima umjenge mtu wako. Kitabu kilikupa alama uzigawe: nguvu, wepesi, akili, na mengine. Hamisi alizimwaga zote kwenye nguvu akapata jitu lenye panga ambalo halikuweza hata kuhesabu vidole vyake.

"Na wewe Mndali wangu, unataka nani?" Zuhura aliniuliza.

Nilimwambia nataka mtu asiyeonekana.

"Huyo yupo. Mnyatiaji. Anaingia popote, anachukua anachotaka, anatoka. Na yupo mwingine, anajua na maneno. Akiyatamka, mlinzi anakuwa kama hana macho." Akapunguza sauti. "Tusiseme uchawi, mama akisikia atatuchapa sote. Tuseme maneno."

Nikamwambia huyo ndiye ninayemtaka, na kwamba ninajua pa kumtoa.

Nilikuwa namtoa kwa mama.

Wakati huo babu yangu, mzazi wa baba, alikuwa ameletwa kwetu kutoka Ikinga, kule Ileje. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na tulikuwa tukisubiri madaktari wa macho waliotangazwa kwamba watapita hospitalini kwa siku chache. Baba alikuwa dereva wa lori la njia ya Zambia, kwa hiyo siku nyingi tulibaki sisi watatu: babu sebuleni, mama jikoni nje, na mimi katikati nikipeleka na kurudisha vyombo. Tangu babu afike, mama yangu, mwanamke ambaye sokoni sauti yake ilifika kabla yake, aligeuka kivuli.

Ilikuwa hivi. Babu akitaka kutoka nje alikohoa, kisha akagonga sakafu kwa fimbo, kisha akakohoa tena. Mama akisikia kikohozi cha kwanza aliacha alichokishika, akajitupia kitenge kichwani na kutoweka. Nyuma ya rundo la matofali. Nyuma ya choo. Ndani ya mahindi. Siku moja mvua ilimkuta humo kwenye mahindi naye babu yuko barazani ananawa mikono kwenye karai taratibu, kidole kwa kidole, na mama akasimama pale pale mpaka nguo zikamgandia mwilini. Nilimwona kupitia dirishani na nikamchukia babu kwa moyo wangu wote. Niliamini anamwinda. Niliamini kikohozi kile ni cha mwindaji, na kwamba siku akimkamata mama kutatokea jambo baya ambalo wakubwa wote wanalijua isipokuwa mimi.

"Mama, unamkimbia nani?" nilimuuliza aliporudi jikoni akitiririka maji.

"Simkimbii mtu. Peleka chai ya babu yako."

Basi nikaapa kwamba nitamtoa mama yangu mle alimojificha, atembee wima nyumbani kwake. Sikujua nitafanyaje. Nilichokuwa nacho ni gemu, kwa hiyo nikaanza na gemu.

Nilimsoma mama vizuri kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha shule. Niliona kwamba alipaka mafuta ya kupikia kwenye bawaba za mlango wa nyuma ili usilie. Mfuniko wa sufuria aliulaza juu ya kitambaa. Funguo alizifunga pembeni ya kanga, fundo juu ya fundo, zisigongane. Alijua ni jiwe gani uani linacheza ukilikanyaga, na hakulikanyaga. Yote hayo nikayahamishia kwa mnyatiaji wangu. Wepesi nilimpa alama nyingi kadiri nilivyoruhusiwa, zilizobaki nikampa akili. Nguvu sikumpa hata chembe. Hamisi alicheka akasema huyo hata ndoo ya maji haiwezi.

Kulikuwa na maneno pia. Mama alikuwa na neno moja ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake, nalo ni neno la kila mtu: asubuhi. Majirani walisema habari za asubuhi, yeye akajibu, "Habari za kukicha." Aliniagiza niamke kukicha. Uji ulikuwa wa kukicha. Nikiwa mdogo nilidhani ni mazoea tu, lakini babu alipokuja nikaunganisha mambo kwa akili yangu ya kitoto: kukicha ndilo neno lake. Akilisema, mwindaji hamwoni. Na kweli, alilisema kila siku na hakukamatwa hata mara moja. Ningetaka ushahidi gani tena?

Mnyatiaji wangu nikampa jina la Kukicha, na neno lake la kujificha likawa hilo hilo.

"Kila mtu lazima awe na udhaifu," Zuhura alisema, kalamu mkononi. "Hamisi wake ni mjinga. Wako je?"

"Hana."

"Bwana wee, kila mtu anao!"

"Wangu hana. Acha wazi."

Zuhura hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite bure. Nilikuwa nimemsimulia habari za babu, na Jumamosi iliyofuata tulikuta ndani ya ngome yake kuna mfalme mzee asiyeona, mwenye masikio ya kusikia mchwa akitafuna ubao, ambaye hukohoa kabla ya kutoka chumbani. Jikoni mwa ngome kuna mpishi mwanamke. Nikasema Kukicha anaingia kumtoa mpishi. Nikarusha dadu. Mfalme akasikia, walinzi wakaja, Kukicha akatupwa handakini. Jumamosi nyingine nikajaribu kupitia paa. Handaki. Nikajaribu kupitia bomba la maji machafu, na Hamisi akaziba pua kana kwamba harufu imemfikia pale kwenye tela. Handaki tena.

"Badilisha mtu," Hamisi alinishauri. "Chukua mwenye panga kama wangu."

"Sibadilishi."

"Tazama anavyouma mdomo," Zuhura alisema akicheka. Nilikuwa na tabia hiyo: nikishupalia jambo nauma mdomo wa chini, upande mmoja, mpaka unabaki na alama. Sikujua nimeitoa wapi.

Nilikuwa nimeamua. Nikimtoa mpishi mle ngomeni, nitakuwa nimejua njia, na nikijua njia nitamtoa mama. Ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa natania.

Madaktari wa macho wakaja. Baba alitakiwa kuwa amerudi, lakini siku yenyewe alipiga simu akasema amekwama upande wa pili, foleni haisogei, na madaktari walikuwa wanafunga kazi siku hiyo hiyo. Hospitali walitaka mgonjwa aje na ndugu mtu mzima. Mama alisikiliza simu akiwa ameinamia jiko. Akasema, "Haya." Kisha nikamwona, kwa mara ya kwanza nikamwona kweli, anauma mdomo wa chini upande mmoja.

"Mwambie babu yako ajiandae," akaniambia. "Tunakwenda."

"Mtapanda bajaji moja?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama watavaa shati moja. Basi mpango niliupanga mimi, na niliupanga kama ninavyompangia Kukicha. Bajaji mbili. Mimi na babu mbele, mama nyuma. Tukifika, mimi nashuka na babu namkalisha, ndipo mama anashuka. Mama alikubali bila kubadilisha kitu. Nilivimba kichwa.

Njiani babu alikaa na fimbo katikati ya magoti. Tulipoingia barabara kubwa, kwenye malori, akageuza sikio.

"Nyuma kuna bajaji?"

"Zipo nyingi, babu."

"Ipo inayotufuata?"

"Sijui."

"Mwambie dereva apunguze mwendo," akasema.

Nikajua ameshtukia, anataka bajaji ya mama itukaribie amnase. Nikamwambia dereva aongeze mwendo. Babu akamgonga dereva begani kwa kichwa cha fimbo, taratibu tu, akasema, "Mwanangu, polepole." Dereva akamtii babu.

Hospitalini nilimkalisha kwenye benchi la mwisho ukumbini. Mara tu alipokaa akajigeuza, akauelekeza uso ukutani na mgongo kwa watu wote. Nikaona ana kiburi. Nikakimbilia kwa mama aliyekuwa tayari kwenye mstari wa dirisha la mapokezi, kitenge kimemfunika mpaka kwenye nyusi.

Ndani ya dirisha alikaa muuguzi mwenye haraka zake. Si mtu wa huku, kwa lafudhi yake.

"Jina la mgonjwa?"

Mama alivuta kitenge mbele zaidi.

"Dada, jina la mgonjwa."

"Ni baba mkwe wangu," mama alisema.

"Sijauliza ni nani yako. Anaitwa nani?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Nilimtazama. Nilidhani amesahau, nikataka kumsaidia, nikajikuta na mimi sijui. Baba alimwita baba. Mimi nilimwita babu. Shuleni natumia jina la ukoo, hilo ni la watu wengi. Jina lake yeye mwenyewe sikuwahi kulisikia likitajwa ndani ya nyumba yetu. Nikasema kwa nguvu, ili tu kuwe na jibu, "Anaitwa Babu!"

Mstari mzima ulicheka. Muuguzi hakucheka. "Mmemleta mtu hamjui jina lake? Kaeni pembeni mpaka mkumbuke. Anayefuata!"

Mama hakusogea. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili na akabaki pale, mdomo ameuuma, wala hakutukana, wala hakulia. Yule aliyekuwa nyuma yetu alianza kutusukuma kwa tumbo. Sitamsamehe mtu yule. Madaktari wanaondoka leo, nilikuwa nawaza, babu atabaki kipofu, na mama atabaki kwenye mahindi maisha yake yote. Mama aliinama sikioni kwangu, nadhani alitaka kunituma kwa babu. Kabla hajasema, kikohozi kikasikika.

Kilikuwa kile kile. Kimoja, kugonga fimbo, kingine. Mama akajikunja nyuma yangu kama kawaida. Lakini safari hii babu hakuinuka. Akiwa vile vile amekaa, uso ukutani, alipaza sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Asubisye! Andika Asubisye. Na huyo mama usimpigie kelele. Ni mkwe wangu, hawezi kunitaja. Amenileta hapa mwenyewe, wanangu hawapo."

Bibi mmoja mwenye jicho lililofungwa pamba akatikisa kichwa akasema, kama anayejisemea, "Kumbe bado wapo wanaoishika mila." Muuguzi alishika kalamu, akaandika, akamtazama mama. "Samahani, mama," akasema. "Kwetu hakuna hiyo. Mlete, nafasi ipo."

Nilisimama pale nikiyarudia majina kichwani. Asubisye. Asubuhi. Kukicha. Neno lile halikuwa la kumficha mtu yeyote. Mama alikuwa ameacha neno zima la Kiswahili, neno la kila siku, kwa sababu linafanana na jina la mzee yule.

Babu alipoingizwa ndani tulikaa nje kwenye jua. Mama alishusha kitenge mabegani akapumua.

"Kwa hiyo humwogopi?" nilimuuliza.

"Nimwogope ana nini? Namheshimu. Kwetu Wandali mkwe hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hamtaji jina wala kinachofanana nalo. Mama yangu alifanya, bibi yako mzaa baba alifanya."

"Na yeye anakufanyia nini?"

Mama alinishangaa. "Humsikii? Anakohoa."

"Anaumwa kifua."

"Kifua chake kizima kuliko cha kwako. Anakohoa ili nipate nafasi ya kuondoka nisiaibike. Siku ile ya mvua alijua niko kwenye mahindi, akawa ananawa haraka haraka, maskini, na maji yenyewe haoni yalipo."

Ile ndiyo ilikuwa haraka? Nilikumbuka lile karai, na vidole vile vikipapasa kidole kwa kidole, na nikaona aibu na hasira kwa pamoja. Sikumchukia babu tena, lakini nilibaki na hasira na mvua, na mahindi, na kitu chenyewe. Hasira hiyo ninayo hadi leo kidogo, nisiseme uongo. Baba mkwe wangu mimi akija tunakaa meza moja na ananitania kuhusu chumvi. Mama akiona anainamisha macho.

Jumamosi nilipanda kwenye tela. Zuhura alifungua ngome, akakohoa kama mfalme, akanisukumia dadu nyekundu. "Rusha."

"Sirushi. Mpishi hajafungwa."

"Nani kakwambia? Mimi ndiye msimulizi."

"Mfalme anakohoa ili mpishi apate nafasi ya kupita. Wanasaidiana."

Hamisi alilaza panga la ubao alilojichongea. Zuhura alinitazama kwa makini, maana hata yeye hakuwa ameifikiria hiyo. "Sasa Kukicha wako kafuata nini humo?"

Niliuma mdomo nikawaza. Mwishowe nikachukua kalamu, pale palipokuwa wazi nikaandika udhaifu wake: hawezi kumtaja mfalme. Kisha nikasema Kukicha anakaa chini nje ya mlango wa mfalme, hajifichi, anataka kujua mfalme naye ana udhaifu gani. Zuhura akasema hiyo haimo kwenye kitabu. Nikamwambia nitasubiri.

Bandeji ilitolewa nyumbani, mchana. Muuguzi mwingine, wa mtaani kwetu, alikuja kuitoa, akambandua babu pamba taratibu sebuleni, akamwagiza asisugue jicho, akaaga. Mama alikuwa nyuma ya mlango wa uani anaosha vyombo, mfuniko juu ya kitambaa kama kawaida. Mimi nilisimama mbele ya babu, nimekaza macho, nimeuma mdomo, nikimwomba Mungu jicho lile lifanye kazi.

Babu alipepesa. Akatazama mikono yake mbele na nyuma. Akatazama dirisha, akafumba, akafumbua tena. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, na uso wake wote ukafunguka.

"Alaa," akasema. "Unauma mdomo vile vile kama mama yako."

Uani mlio wa sahani ulikoma. Mzee ambaye hakutakiwa kumtazama mama hata siku moja, tangu siku alipoletwa bibi harusi mpaka macho yalipoingia ukungu, alijua mdomo wake, alijua ni upande gani. Kisha nyuma ya mlango mama yangu akacheka. Alicheka kwa sauti yake ya sokoni, ile niliyokuwa sijaisikia tangu babu afike, akacheka mpaka akashindwa kujizuia, na babu akageukia ukuta haraka na kuanza kukohoa, akakohoa na kukohoa, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa.